Kuuza nyumba Dar fasta bila kuzungushwa: maswali mnayouliza kila siku

Haya ni maswali ambayo wauzaji wanatuuliza sana, awe wa Tabata, wa Mbagala, wa Goba au wa Kigamboni, wote wanazunguka palepale. Niseme mapema kabisa, wanunuzi Dar wapo. Kinachochelewesha nyumba mara nyingi ni makaratasi na watu wa ndani ya familia yenyewe, kwa hiyo majibu mengi hapa yatakurudisha huko hata kama wewe ulikuja kutafuta mbinu ya tangazo.

Nyumba Dar inachukua muda gani kuuzika?

Najua hili jibu hulipendi lakini inategemea, na kwanza tutenganishe vitu viwili maana watu wanavichanganya, kuna kumpata mnunuzi na kuna kumaliza mauziano mpaka hela yote imeingia na jina limebadilika. Kumpata mnunuzi kunaweza kuwa fasta sana. Nyumba ya Sinza au Kinyerezi yenye hati, gari inafika mlangoni, bei ya mtaa, simu zinaanza kulia wiki hiyohiyo. Kumaliza ndo kazi, kama ni nyumba ya hati jiandae kwa wiki kadhaa mpaka miezi kutegemea faili lako lilivyo, na hapo ndo utajua kama ulijiandaa au ulikuwa unapiga picha tu na kurusha status.

Anayekwambia "kesho asubuhi hela mkononi" muulize vizuri ni hela kiasi gani.

Basi nianze na nini kabla ya kutangaza?

Anza na kabati lako. Toa kila karatasi inayohusu hiyo nyumba uiweke mezani: hati au leseni ya makazi, mkataba ulionunulia kiwanja, risiti za kodi ya pango la ardhi, kibali cha ujenzi kama kipo, risiti za ujenzi, kitambulisho cha NIDA, TIN. Angalia jina. Yaani hapa ndo watu wengi wanakwama, hati inasema jina lingine na NIDA inasema lingine, kwenye hati umeandikwa majina mawili kwenye NIDA matatu, mama aliandikwa jina la ndoa ya zamani. Hilo linatibika kwa kiapo au hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili, lakini litibu sasa hivi, sio mnunuzi yuko ofisini na hela yake anakuangalia usoni.

Alafu lipa pango la ardhi lote unalodaiwa. Kuna mtu ana hati ya miaka 99 na hajawahi kulipa pango hata mara moja, anakuja kushtuka siku ya kuuza deni limelundikana na riba juu. Na usichanganye na ile kodi ya jengo ambayo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, sahivi ni 1,500 kwa mwezi nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ukiwa na ghorofa mjini. Ile ya LUKU ni ya jengo. Pango ni la ardhi, na kukatwa kwenye umeme hakujalipia pango.

Kama una hati, nenda mwenyewe ukafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uangalie kwenye kumbukumbu zake nyumba yako imeandikwaje. Ndio, kwenye nyumba yako mwenyewe. Watu wanakuta zuio (pingamizi la kuzuia nyumba isiuzwe) waliloweka ndugu miaka ya nyuma, au rehani ya benki ambayo mkopo ulishaisha zamani lakini hakuna aliyeenda kuifuta. Wakili wa mnunuzi atafanya huo upekuzi tu, bora ukute wewe kwanza.

Mi sina hati, nina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu. Inauzika?

Inauzika, nusu ya jiji hili imeuzwa hivyo. Ila elewa bei yako haiwezi kuwa sawa na ya jirani mwenye hati, na mnunuzi anayetegemea mkopo wa benki umeshamkosa maana benki inataka kitu cha kushika. Unabaki na mnunuzi wa keshi, ambaye naye anajua kwamba yeye ni wa keshi kwa hiyo atakukazia.

Cha kufanya ili usichelewe ni kujenga ule mnyororo wa umiliki. Wewe ulinunua kwa nani, yeye alinunua kwa nani, mikataba ipo? Majirani wa pande nne wanakutambua? Mipaka iko wazi au kuna jirani kasogeza fensi mita moja na mmenyamaziana? Malizaneni sasa, maana jirani huyo atafufuka siku mnunuzi anakuja kuangalia, sijui huwa wanajuaje.

Kama mtaa wenu ulipita kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima makazi yaliyojengwa bila mpangilio, na kiwanja kina namba na kitalu, tafuta hizo kumbukumbu hata kama hati haijatoka. Mnunuzi akiona bikoni (vile vijiwe vya mipaka) chini na namba kwenye ramani anatulia. Wengine wanauliza wasubiri kwanza hati itoke ndo wauze. Kama hela unaihitaji ndani ya mwezi, usisubiri, uza hivyohivyo kwa bei inayolingana. Kama una muda na kiwanja kimeshapimwa, subiri, tofauti ya bei inalipa.

Leseni ya makazi je, si ni sawa na hati?

Hapana. Leseni ni ya muda mfupi, haizidi miaka 5, inatolewa kwa maeneo yasiyopangwa na ikiisha inabidi uihuishe. Hati ni 33, 66 au 99. Leseni iliyo hai ni nzuri sana kwenye kuuza, iliyoisha tangu enzi zile ni karatasi ya kumbukumbu tu. Nenda manispaa ukaihuishe kabla hujaanza kuonyesha watu.

Bei nipangeje? Jirani anasema yake aliuza milioni 180

Jirani alisema. Mkataba uliuona?

Bei za mtaani Dar zina magonjwa mawili. La kwanza ni hiyo ya jirani, mtu akiuza 130 anasema 180 kwa ajili ya heshima. La pili ni bei za kwenye matangazo, ile siyo bei ya nyumba kuuzika, ni bei ya nyumba kukaa, na ndani yake kuna cha juu, ile hela anayojiongezea dalali juu ya bei yako, cha dalali wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ukipanga bei yako kwa kuangalia matangazo umejipanga foleni na nyumba ambazo hazijauzika.

Uliza zilizouzika kweli. Mawakili wanaoshughulika na eneo lenu wanajua, mjumbe anajua, wathamini ndo kazi yao kabisa. Na kama nyumba yako ina hati, ripoti ya uthamini utaihitaji tu kwenye kuhamisha, na lazima ipite kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo ukimwita mthamini aliyesajiliwa mapema unapata bei ya kuanzia na unasogeza na hatua nyingine ya mbele.

Alafu kuna hii ya "nimejenga kwa milioni 200 siwezi kuuza 150". Inauma, naelewa, nondo ulinunua wewe na simenti ulibeba wewe. Lakini mnunuzi hanunui jasho lako, ananunua mahali na vyumba na barabara. Umejenga jumba la vyumba saba Chanika ndani huko ambako bajaji inagoma mvua ikinyesha, atakayelipa bei ya Mbezi Beach hayupo. Usiweke nafasi ya maongezi kubwa mno pia, mtu anaweka 200 akitegemea kushushwa mpaka 140, anasahau kwamba mwenye 140 akiona 200 hapigi hata simu.

Naweza kuweka bei kwa dola?

Hapana. Kanuni za 2025 za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Weka shilingi, hata kama uko Masaki na mtaa mzima wanaongea dola.

Nimpe dalali mmoja au niwape wengi ili iende haraka?

Hili ndo swali la karne na watu wengi hawakubaliani na mimi. Mi nasema wachache, mmoja mpaka watatu, na bei moja ileile kwa wote.

Ukiwapa madalali ishirini nyumba inazunguka kama mtumba wa Karume, kila mmoja anaishika anaigeuza anaongeza bei yake. Wa Sinza anaitangaza 150, wa Kijitonyama 165, wa kwenye Instagram 180 na picha siyo zako. Mnunuzi serious anaiona nyumba moja kwa bei nne anasema hapa kuna utapeli, anasepa. Na ukiuza wanakuja wanne wote wanadai mteja ni wao, ugomvi unahamia getini kwako na wengine wanafika mpaka kwa mwenyekiti.

Kuhusu cha juu. Dalali anakuuliza "we unataka ngapi mkononi?", unamwambia 120, anaenda kuuza 140, ile 20 ni yake. Kuna wauzaji wanaona sawa tu, wanasema mi nimepata yangu. Shida ni mbili. Moja, nyumba inachelewa kwa sababu kuna wanunuzi wa 125 aliowakataa yeye bila wewe kujua. Mbili, bei ya kwenye mkataba itakuwa ipi? Mnunuzi anataka iandikwe aliyolipa, kodi inapigwa kwenye ile, na wewe mkononi una ndogo. Kwa hiyo mkubaliane kamisheni, madalali wa mtaani wengi wanaomba kati ya asilimia 5 na 10 na kwenye nyumba ya bei kubwa wanashuka, muandikishane, mnunuzi akutane na wewe uso kwa uso na bei aisikie mdomoni kwako. Dalali anayekataa usikutane na mnunuzi, achana naye.

Na zile hela za kuonyesha saiti wanazowatoza wanunuzi, elfu kumi elfu ishirini, waambie madalali wako hapana. Kuna dalali anaishi kwa kuonyesha nyumba yako, kwake ikiuzika ni hasara.

Naweza kuuza bila dalali kabisa?

Unaweza, kama una muda wa kupokea simu na roho ya kuvumilia watu wanaouliza "mwisho ngapi" kabla hawajauliza nyumba iko wapi. Tangazo lako liseme mtaa, ukubwa wa kiwanja kwa skwea mita, vyumba vingapi na masta ipo au haipo, maji ya DAWASA au kisima, umbali kutoka lami, aina ya karatasi ya umiliki, na bei. Weka bei. Matangazo ya "bei njoo inbox" yanaleta watu wa kupoteza muda.

Picha piga asubuhi, mapazia yamefunguliwa, ndoo na malapa yametolewa. Choo piga pia, kikiwa kisafi, watu wanataka kuona choo. Hati usiipost hata kwa kuficha namba, onyesha mtu akifika.

Nifanye ukarabati kwanza?

Rangi nje na ndani, taa zote ziwake, bomba lisivuje, majani yakatwe. Basi. Usianze kubandika jipsamu na marumaru mpya ukidhani itarudisha hela, mnunuzi wa Dar akiingia kitu cha kwanza anachopanga ni kuvunja jiko lako. Pagale nalo liache pagale, fyeka na uonyeshe mipaka, asilimia kubwa ya wanaotafuta pagale wanataka wamalizie kwa ladha yao.

Mke wangu hajui kama nauza, ni lazima ajue?

Lazima. Na hapa sipunguzi makali.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia mwanandoa mmoja hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Akishtuka anaweka zuio kwa Msajili na biashara inasimama hapohapo, au mbaya zaidi anafungua kesi baada ya kuuza na mnunuzi anabaki na nyumba ya mahakamani. Ndo maana wakili yeyote mwenye akili atakwambia mje wote wawili na cheti cha ndoa, mwenzako asaini ridhaa. Kama hujaoa au hujaolewa utaapa kiapo cha kusema hivyo, mjane au mliyeachana mlete vyeti. Mmetengana miaka sita na hamjaenda mahakamani? Bado ni ndoa, mtafute.

Nimeona wanaume wanaleta mwanamke mwingine kusaini kama mke. Hiyo ni jinai, na wanunuzi siku hizi wanakuja mtaani kuulizia kimyakimya, mama ntilie wa jirani anawaambia kila kitu.

Nyumba ni ya marehemu baba na tumekubaliana watoto wote tuuze. Tunaanzaje?

Kukubaliana sebuleni ni hatua nzuri lakini haijahamisha chochote. Nyumba ya marehemu anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa, sio baba mdogo, sio anayeishi humo.

Mnakaa kikao cha familia mnaandika muhtasari, mnapendekeza msimamizi, mnaenda mahakamani na cheti cha kifo, tangazo linatoka, asipojitokeza wa kupinga anapewa barua ya usimamizi. Kwa hapa Dar kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia pale Temeke, kinashughulika na mirathi na ndoa. Baada ya hapo kama nyumba ina hati, jina la msimamizi linaingizwa kwanza kwenye hati kama msimamizi, ndo auze. Watu wanaruka hii ya kuingiza jina alafu wanashangaa maombi ya kuhamisha yanarudishwa.

Sasa ukweli wa mirathi ni huu, kinachochelewesha sana ni yule ndugu mmoja. Kuna aliye Mwanza hapokei simu, kuna anayeishi kwenye hiyo nyumba anakusanya kodi za wapangaji kwa hiyo kwake kuuza ni kupoteza, kuna mtoto wa nje ambaye kila mtu anajua yupo na hakuna anayemtaja. Mtajeni. Mrithi aliyerukwa ndo atakayerudi na wakili mnunuzi ameshahamia, na hapo kesi inawakuta wote. Anayeishi humo mpangieni kabisa kwa maandishi atatoka lini na atapewa nini cha kuanzia, mara nyingi anachogomea siyo kuuza, ni kwamba hana pa kwenda. Tukiwa ofisini huwa tunaomba warithi wote wasaini ridhaa ya kuuza hata kama msimamizi ana mamlaka yake kamili, maana mnunuzi akiona sahihi tisa chini ya karatasi anaacha kuuliza maswali.

Nina mkopo benki na nyumba ndo dhamana. Naruhusiwa kuuza?

Ndio ila benki iwe mezani tangu siku ya kwanza. Omba barua ya deni lililobaki, mnunuzi analipa deni moja kwa moja benki, benki inafuta rehani na kuachia hati, kinachobaki unalipwa wewe. Muandike yote kwenye mkataba wa pande tatu.

Kama umeshaanza kuchelewesha marejesho ongea nao mapema. Benki ikishakupa notisi ya siku 60 ya kulipa deni, saa imeanza kuhesabu, na nyumba inayouzwa na mwenyewe karibu kila mara inaleta hela kubwa kuliko inayopigwa mnada wanunuzi wamesimama barabarani wamekunja mikono.

Kuna mpangaji ndani kalipa mwaka mzima

Mwambie mapema. Ama mnunuzi anarithi mkataba wake mpaka uishe, ama mnamrudishia miezi iliyobaki na kitu kidogo cha kuhamia. Ukimficha atakataa kufungua mlango siku ya wageni, na atakuwa na haki.

TRA wanachukua ngapi?

Muuzaji mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya faida. Ya faida, sio ya bei, watu wanakimbia kulipa kwa sababu ya kusikia asilimia 10 wanadhani ni ya milioni 120 nzima.

Tuseme kiwanja na ujenzi vilikugharimu milioni 110 na risiti unazo, umeuza 120. Faida ni 10, kodi ni milioni 1. Ukiwa huna kumbukumbu za gharama, inapigwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, kwa hiyo kwenye hiyo 120 ni milioni 3.6. Sasa umeona kazi ya zile risiti za simenti ulizokuwa unafungia maandazi?

Na kuna msamaha ambao wengi hawaujui. Kama ni nyumba unayoishi mwenyewe, umeimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi, umekaa humo jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida haizidi milioni 15, hiyo kodi haikuhusu. Lakini bado unatakiwa kupita TRA wakutambue hivyo, maana Msajili hasajili uhamisho bila cheti cha TRA.

Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1, kwa kawaida mnunuzi ndo analipa, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini. Muandike kwenye mkataba nani analipa nini, pamoja na mthamini na wakili. Ugomvi mwingi wa mwishoni ni laki nne za mthamini kwenye nyumba ya milioni mia na ushee, aibu tupu.

Ile akili ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue, acha. Wana ripoti ya uthamini mkononi.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka asilimia 10 yake

Hakuna sheria inayokutaka umlipe asilimia 10 ya bei ya nyumba. Ni mazoea yaliyoota mizizi mitaani na viongozi wa juu wameshayakemea mara nyingi tu. Ofisi ya mtaa ina kazi yake ya kutambua kwamba wewe ndo wewe na hiyo nyumba ni yako, hilo ni muhimu sana hasa kwenye nyumba zisizo na hati, kwa hiyo mheshimu, mshirikishe, kama kuna ada ya ofisi dai risiti. Mkataba wenyewe uandaliwe na wakili. Usigombane naye kwa sauti kubwa mtaani, hilo nakuomba, mnunuzi atapita hapo kuulizia na neno moja la "ile nyumba ina mgogoro" linakumaliza.

Mnunuzi kaleta kishika uchumba (malipo ya awali) cha milioni 5, nisimamishe wengine?

Pokea kwa maandishi. Karatasi iseme bei yote ni ngapi, salio linalipwa lini, akishindwa inakuwaje, na wewe ukighairi inakuwaje. Mauziano ya ardhi kwa sheria yetu lazima yawe ya maandishi, neno la mdomo na kushikana mikono halikubebi mahakamani. Weka ukomo wa siku, wiki mbili tatu zinatosha kwa mtu mwenye hela yake. Mnunuzi wa kishika uchumba asiye na tarehe anakufungia nyumba miezi mitatu huku na yeye anatafuta wa kumuuzia.

Awamu mimi siziogopi, mradi zisizidi mbili au tatu na funguo zisitoke kabla ya awamu ya mwisho. Ukimruhusu ahamie akiwa anadaiwa, umepata mpangaji asiyelipa.

Hela nipokee vipi kwa usalama?

Benki kwa benki, kwa TISS (mfumo wa benki wa kutuma hela kubwa), inaingia siku hiyohiyo na inaacha alama. Usibebe keshi kwenye begi la shule ukaenda nayo Kariakoo. Usisaini fomu za kuhamisha kwa kuonyeshwa picha ya slipu au meseji ya muamala, fungua akaunti yako mwenyewe, hela ionekane kwenye salio, ndo peni ishikwe. Kwa nyumba ya hati mnasaini fomu namba 29, 30 na 35 mbele ya wakili, na utaratibu mzuri ni hati halisi na fomu zilizosainiwa zikae kwa wakili ambaye pande zote mnamwamini mpaka salio liingie. Hati halisi usimpe dalali "akaitoe kopi". Nenda nayo wewe, subiri kopi, rudi nayo.

Nyumba iko karibu na mto, au barabara kuu. Nimwambie mnunuzi?

Atajua tu, bora ajue kwako. Watu wa Dar wameona bomoabomoa ya 2017 kuanzia Kimara mpaka Kiluvya, wameona Jangwani na Bonde la Msimbazi, hakuna anayenunua kando ya Barabara ya Morogoro bila kuuliza hifadhi ya barabara inaishia wapi. Kwa mto, sheria ya mazingira inaongelea mita 60 kutoka ukingoni. Kama nyumba yako iko nje ya hizo mita, pima na uonyeshe. Kama iko ndani, mnunuzi makini hutampata haraka na yule utakayempata atarudi kukutafuta.

Nyumba isiyoingia maji ionyeshe masika, Machi mpaka Mei. Wengi wanasubiri jua liwake. Mi nasema mtu aje na mvua, akanyage akiwa na viatu vyake, akiona uwani pakavu hauhitaji kumshawishi tena.

Niko Uingereza, ndugu yangu anaweza kuniuzia?

Kwa hati ya uwakilishi, ile pawa ya atoni, iandaliwe na wakili, uisaini huko mbele ya anayetambulika au ubalozini, isajiliwe huku. Iseme nyumba ipi na anaruhusiwa kufanya nini, usimpe ya jumla ya "mambo yangu yote". Bei ya chini isiyovukwa iandike humohumo, na akaunti ya kupokelea iwe yako. Sisemi ndugu yako ni mwizi. Nasema hela ya nyumba ni nyingi na shida za ukoo ni nyingi zaidi, usimweke kwenye huo mtihani.

Kuna mtu ananunua hata leo, keshi, ila anataka nusu ya bei

Hao wapo, na wanasikia harufu ya shida, ada za chuo, matibabu, kesi. Kama kweli umebanwa na huna njia, ni haki yako kuuza, ila kabla hujasema ndio jaribu kushusha bei yako kwa asilimia 10 au 15 na uwape wale walioshakuja kuangalia wakaondoka, piga simu mmoja mmoja. Mara nyingi yupo aliyekuwa amebakiza kidogo kufika. Au kata kipande cha kiwanja uuze hicho kama kinatosha na mpango wa eneo unaruhusu.

Nimeshauza na hela imeingia. Kuna kingine?

Mkabidhiane kwa karatasi, tarehe na funguo ngapi. Soma mita ya maji siku hiyo na mlipe DAWASA mpaka hapo, akaunti ihamishwe jina. Mita ya LUKU nayo ipelekwe TANESCO ibadilishwe jina, maana deni la kodi ya jengo linafuata mita. Futa matangazo yote na waambie madalali wote imeshaenda, la sivyo utapokea simu za "bosi ile nyumba bado ipo?" mpaka mwakani. Kopi ya mkataba, risiti ya TRA na fomu zilizosainiwa weka skani kwenye simu na kopi nyingine kwa mtu unayemwamini, maana mnunuzi akichelewa kusajili, barua za pango zitaendelea kuja na jina lako.